Tteokbokki ya shilingi 22,000, katikati kama chaki

Nimekula pale mara mbili, kwa hiyo siandiki kwa hasira za siku moja. Ni mgahawa mdogo wa vyakula vya mitaani vya Kikorea, upande wa Masaki hapa Dar es Salaam. Jina nalimeza. Wahudumu wake ni vijana wanaohangaika kama sisi wengine, na kesi yangu si yao, ni ya jikoni.

Niseme kwanza nimetokea wapi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia mahamri na mbaazi za nazi, kisha masomo yakanipeleka Seoul miaka miwili. Nilifika katikati ya baridi, ile ya kuganda masharubu kama ungekuwa nayo, na kilichoniweka hai ni mabanda ya turubai ya barabarani. Mama kasimama nyuma ya sinia pana la chuma, tteokbokki nyekundu, yaani vipande vya keki ya mchele (tteok) ndani ya mchuzi wa pilipili, inatokota mbele yako. Unanyoosha kidole tu, huhitaji Kikorea. Sahani ya plastiki anaivika mfuko wa nailoni, ukimaliza anauvua mfuko na kuutupa, sahani haioshwi. Pembeni kuna eomuk, keki za samaki zilizochomekwa kwenye njiti ndefu, zimelala ndani ya supu. Unachomoa, unakula, na supu unajichotea kwenye kikombe cha karatasi, bure, hata vikombe vitatu. Mwisho mama anahesabu njiti zako, sawasawa na muuza mishikaki wa kwetu. Siku ya kwanza nilipoona anahesabu njiti nilicheka peke yangu, nikajiona niko Barabara ya Ishirini kwetu Tanga. (Sundae, ule utumbo uliojazwa damu ya nguruwe, nilikuwa naupita mbali, na soseji sikugusa bila kuuliza.)

Basi niliposikia Masaki kuna tteokbokki, Jumamosi jioni nikamchukua binti wa kaka yangu, kidato cha tatu, mtoto aliyekua na tamthilia za Kikorea kiasi kwamba anajua kuomba msamaha kwa Kikorea kuliko kwa Kiswahili. Tukavuka Daraja la Tanzanite yeye anaimba.

Chakula kilikuja baada ya dakika 55. Kwa biriani ningesubiri. Lakini hiki ni chakula cha mtu aliyesimama na begi mgongoni anayekimbilia treni! Vijiti vilikuwa vimekwisha, tukapewa uma. Sawa, uma. Nikakikata kipande cha tteok katikati ili nimwonyeshe mtoto kinavyovutika. Hakikuvutika, kilikatika kwa mlio mdogo. Ndani kulikuwa na duara jeupe, kavu, kama ncha ya chaki, na kuzunguka duara hilo ukanda mwembamba uliolainika. Mchuzi haukuwa umeingia hata kidogo, ukikipangusa kwa tishu kinarudi cheupe.

Aliyewahi kuacha wali kwenye friji anajua kilichotokea. Tteok ni mchele uliosagwa, ukapikwa kwa mvuke, ukatwangwa na kuvutwa kama fimbo. Ukikaa baridini unakakamaa, kama kiporo kinavyokakamaa. Si kosa, hata kule wengi wananunua za pakiti. Ila unaziloweka kwanza kwenye maji, kisha unaziachia zichemke ndani ya mchuzi mpaka ziseme basi. Hizi zilitoka kwenye barafu zikamwagiwa mchuzi juu.

Na mchuzi wenyewe, jamani. Tteokbokki ya mtaani inasimama juu ya gochujang, lile rojo la pilipili, mchele wa kunata na soya iliyochachuliwa, na ukali wake unakuja nyuma, taratibu, baada ya utamu. Huu wa Masaki utamu wake ulikuwa wa tomato sosi ya chipsi, na ukali wake wa pilipili ya chupa. Mtoto alitafuna, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Shangazi, kwani wale kwenye tamthilia huwa wanaigiza?"

Ningesamehe pilipili. Gochujang inatoka mbali, na bei yake naijua. Ambacho sisamehi ni supu. Supu ya eomuk kule inachemshwa kwa dagaa wakavu na mwani. Dagaa! Mko Dar es Salaam, Kariakoo wamejaa magunia kwa magunia, dagaa wa Zanzibar wanaletwa kila siku, halafu mnanipa maji ya moto yenye kidonge cha supu ya kuku na chumvi? Na kikombe kimoja mkanitoza shilingi 3,000? Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia kama supu si inakuja na eomuk. Akasema, "Dada, supu ni ya kujitegemea." Hilo neno tumelifanya utani nyumbani mpaka leo.

Kuku alikuwa mzuri, lazima niseme. Amekaangwa mara mbili kama inavyotakiwa, ngozi inalia, mchuzi wa kitunguu saumu haukumlowesha. Vile vipande vyeupe vya figili ya siki vinavyokaa naye havikuwepo, wakatuletea kachumbari. Ililiwa yote. Kama ningekuwa mwenye mgahawa ningefuta menyu nzima nikabaki na huyo kuku na hiyo kachumbari.

Mara ya pili nilirudi Jumanne mchana, peke yangu, nikijiambia Jumamosi walizidiwa na watu. Meza zilizokaliwa zilikuwa mbili: yangu, na ya jamaa wawili wa ofisini waliokuwa wanakula chipsi. Dakika 40. Nikaagiza tteokbokki tena, nipate ushahidi, na hotteok.

Hotteok ni chapati nene ya hamira. Ndani sukari ya kahawia, mdalasini na karanga. Inagandamizwa kwenye kikaango kwa kidude cha chuma cha mviringo, sukari inayeyuka inakuwa asali. Unaila kwa adabu, kwa kung'ata pembeni kidogo, maana imewachoma ndimi wengi. Niliketi naona dirisha la jikoni. Hotteok yangu ilitoka kwenye boksi la plastiki, ikaingia maikrowevu, mlio ukapiga, ikaletwa. Ukingo ulikuwa moto, katikati baridi, na sukari imeganda kama gundi ya mbao. Shilingi 9,000. Kwa hela hiyo mama muuza maandazi wa mtaani kwangu, Upanga, angenijazia mfuko nikashindwa kuubeba.

Nikaomba kuongea na msimamizi, kwa upole tu. Akaja kaka mmoja nadhifu, akanisikiliza, kisha akaniambia, "Madam, hata Wakorea wenyewe wanakula hapa." Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Wale jamaa wa chipsi nao wakageuka kutazama.

Bili ikaja na asilimia 10 ya huduma ambayo haikuandikwa popote kwenye menyu. Niliwaambia waitoe, wakaitoa bila ubishi, kwa hiyo walijua. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao. Sina nguvu ya kuendelea na hilo.

Tteokbokki ya ushahidi nilikuwa nimekula vipande viwili tu. Nikaomba wanifungie, boksi shilingi 1,000, nikalipa. Jioni, nyumbani, niliziosha zile tteok chini ya bomba mpaka tomato sosi yote ikaondoka. Nikabandika sufuria na dagaa kiganja kimoja, waliotolewa vichwa na matumbo, nikachuja maji yake, nikatia kitunguu, soya sosi, pilipili ya unga, sukari kijiko. Nikazitumbukiza. Baada ya dakika kama kumi zilikuwa zimevimba, zinang'aa, mchuzi umezishika. Mtoto alipita jikoni kuchukua maji ya kunywa, akaonja kimoja kwa mkono, akavuta kiti. Mimi nilibakiwa na dagaa.