Tathmini: Jinsi watafiti wa KEMRI-Wellcome wanavyoieleza kazi yao kwa watu wa Kilifi

Mtafiti anapobisha hodi kwenye boma la Kilifi, pwani ya Kenya, na kuomba damu ya mtoto asiyeumwa, mzazi ana haki ya kuuliza damu hiyo inakwenda wapi. Watu wa pwani wamekua wakisikia habari za mumiani, wanaosemekana kunyonya damu za watu, na hofu ya namna hiyo haiondolewi na karatasi yenye mhuri. Kwa kipimo hicho ndicho ninachoitathmini huduma ya kushirikisha jamii ya mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome (wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza), ulioanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford na wenye makao yake kwenye hospitali ya Kilifi. Naiona ni huduma inayostahili sifa kubwa, ingawa si kila hatua yake ina uzito sawa.

Bora kuliko yote ni ziara za maabara, ambako wanafunzi wa sekondari na wanakijiji huingia ndani wakajionea kazi yenyewe. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, chembechembe nyekundu hutuama chini ya kichupa na maji ya manjano hubaki juu. Tone lililopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi huonyesha, chini ya darubini, vimelea vya malaria vikiwa kama vipete vidogo ndani ya chembechembe hizo. Mtu aliyeyaona hayo huanza kuuliza maswali mazito zaidi: kwa nini sampuli zihifadhiwe kwenye majokofu kwa miaka, na nani huamua zikipelekwa ng'ambo? Mtafiti anayelazimika kuyajibu ana kwa ana, kwa Kiswahili au Kigiriama, naye hunufaika.

Upo pia mtandao wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, na mabaraza ya vijijini. Hayo yanafaa, ila mkutano wa hadhara huwapa nafasi zaidi wale waliozoea kusema.

Mtihani mgumu uko wodini. Mama aliyempakata mtoto mwenye degedege hawezi kusikiliza kurasa za maelezo, na daktari anayemwomba ridhaa ni yuleyule anayemtegemea kwa matibabu. Katika utafiti wa FEAST, uliochunguza kuwaongezea watoto mahututi maji ya dripu, na uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, dharura ilipozuia maelezo kamili mzazi aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, kisha akaelezwa yote mtoto akishatulia. Naukubali utaratibu huo, kwa sababu unakiri wazi kwamba akili ya mzazi wakati huo iko kwa mwanawe. Matokeo yake nayo yalitikisa tiba iliyozoeleka: miongoni mwa watoto mahututi walioongezewa maji mengi ya dripu kwa haraka, takriban asilimia 10.6 walifariki ndani ya saa 48, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji hayo kwa kasi. Kumweleza mzazi jambo kama hilo kwahitaji subira kuliko kumwomba damu.

Hapo ndipo ninapotaka juhudi zaidi, na nalisema kwa watafiti wa vyuo vyote, si wa Kilifi pekee: wengi huja na bidii nyingi wanapoomba, na bidii kidogo wanaporudisha majibu. Kilifi ina mengi ya kurudisha. Majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa, katika miaka ya 1990, yalipunguza kwa asilimia 44 idadi ya watoto waliolazwa kwa malaria kali, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Familia zilizotoa watoto wao kwa kazi hiyo zinastahili kuyasikia hayo kutoka kwa watafiti kabla ya kuyasikia redioni.

Shule au kikundi chochote kinachoweza kupata ziara ya maabara kisiikose. Kiende na maswali yaliyoandikwa, na la kwanza liwe: matokeo ya utafiti unaoendelea sasa yataletwa kijijini lini, na yataletwa na nani?