Mesh ya nodi tatu kwenye nyumba ya wapangaji Ng'ong'ona: kifaa kizuri, ila nodi zinagongana zenyewe kwa zenyewe

Wadau wenye nyumba za kupangisha hapa Dodoma, hasa nyie wa Ng'ong'ona, Makulu na Iyumbu mnaojenga kwa ajili ya wanachuo wa UDOM, hii ni kwenu. Nimetumia kile kifurushi cha waifai ya mesh, vile vidude vyeupe vinauzwa vitatu vitatu, vinasaidiana kusambaza waifai moja na kila kimoja kinaitwa nodi, vya masafa mawili ya mawimbi yaani gigahezi 2.4 na 5, na nimevitumia muda wa kutosha kusema vinafaa wapi na wapi vinakwama. Jina la kampuni siandiki, maana ninachokisema kinahusu karibu kila kifurushi cha daraja hilo, ukichukua cha kampuni nyingine ya bei ileile utakutana na mambo yaleyale.

Mazuri yapo na ni mengi. Kuseti unatumia apu ya simu, unaskani, unasubiri taa ibadilike rangi, umemaliza. Jina la waifai ni moja kiwanja kizima, mpangaji anatoka chumbani anaongea WhatsApp anapita bombani mpaka getini na simu inahama nodi yenyewe bila kukata maongezi. Umeme ukikatika na kurudi vyote vinajipanga upya bila kuitwa fundi. Vumbi la kiangazi halijavisumbua, ila nimeviweka mbali na bati kwa sababu joto la kule juu mchana ni kali mno. Kwa nyumba ya familia yenye vyumba vitatu vinne ningempa mtu pesa mkononi nimwambie nenda kanunue.

Sasa njoo kwenye kiwanja kirefu kama cha kwangu. Faiba inaingia nyumba kubwa iliyopo katikati, hapo ndo imekaa nodi mama. Ya pili ipo mbele, vyumba vya karibu na geti, ya tatu ipo nyuma kwenye safu ya vyumba vya wanachuo. Kuta zote ni za block za saruji, milango ya chuma, halafu kuna tenki kubwa la maji limesimama hapohapo, na maji yanameza mawimbi vibaya sana. Matokeo yake nodi ya mbele inaisikia nodi mama vizuri, ya nyuma nayo inaisikia nodi mama vizuri, kwenye apu kila kitu ni kijani, lakini ya mbele na ya nyuma zenyewe hazisikiani kabisa. Apu haikuonyeshi hilo popote, na hilo ndo limebeba tatizo lote.

Iko hivi. Kifaa cha waifai kabla hakijatuma kitu kinasikiliza hewani kwanza, kikisikia kuna anayetuma kinasubiri, kikikuta kimya kinahesabu muda mfupi wa kubahatisha ndo kinatuma. Utaratibu mzuri kabisa kama wote mnasikiana. Kwangu nodi ya mbele inasikiliza inakuta kimya, ya nyuma inasikiliza inakuta kimya, zote zinatuma kwa pamoja kwenda nodi mama kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, zinagongana palepale kwenye antena yake na yenyewe inaambulia kelele tu. Na waliotuma hawajui kama wamegongana, maana redio ikiwa inatuma mawimbi yake yenyewe yanafunika kila kitu, haiwezi kumsikia mwingine. Kwenye Ethernet ya waya wa zamani kompyuta zilikuwa zinahisi mgongano hapohapo zinaacha, kwenye waifai unajua tu kwa kukosa jibu la kwamba mzigo umefika. Ukikosa jibu unarudia, na kila ukirudia ule muda wa kubahatisha unaongezeka kama mara mbili, unaanza kwenye nafasi 0 mpaka 15, halafu mpaka 31, 63, hivyohivyo mpaka 1023, na kwenye masafa ya 5 kila nafasi ni maikrosekunde 9. Ukisikia maikrosekunde unaona ni kitu kidogo, ila weka wanafunzi safu nzima saa tatu usiku kila mmoja na video yake ndo utaona zinavyojumlishana.

Usinielewe vibaya, hili jambo limeanza zamani sana. Mwaka 1971 kule Hawaii Norman Abramson na wenzake waliwasha ALOHAnet, vituo vya visiwa tofauti vikituma kwa redio kwenda kituo kikuu kimoja, na vituo vile navyo havikuwa vinasikiana, kila mmoja anatuma akiwa na data, asipojibiwa anarudia baada ya muda wa kubahatisha. Hesabu za mfumo ule zinaonyesha unaambulia kama asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli, na hata ukigawa muda vipande, kila mmoja aruhusiwe kuanza kutuma mwanzoni mwa kipande tu, unafika kama 37. Waifai yetu ni bora zaidi kwa sababu ya kusikiliza kwanza, ila nodi zisiposikiana faida ya kusikiliza inapotea.

Ukitaka kujua kama kwako ipo fanya hivi, haihitaji fundi. Unga simu kwenye nodi ya mbele, wengine wote wametulia, pandisha faili kubwa uone spidi. Fanya vilevile nyuma. Halafu mtu mmoja mbele na mwingine nyuma mpandishe kwa wakati mmoja. Kwangu mimi kila upande ukiwa peke yake unakaribia spidi yote niliyolipia ya megabiti 20, nikategemea wakiwa wawili kila mmoja apate kama nusu. Hapana, jumla yenyewe inashuka, na mbele anabaki na sehemu kubwa huku nyuma anakufa kabisa. Sababu ni kwamba data mbili zikigongana yenye mawimbi mazito zaidi inaweza kupenya ikasomeka, na nodi ya mbele ipo karibu na mama kuliko ya nyuma, kwa hiyo kila mgongano anayeumia ni yuleyule. Hili ndo linaniuma zaidi kwenye kifaa hiki, kijana wa chumba cha nyuma analipa kodi sawa na wa mbele, anapandisha asaimenti saa ya mwisho kabla mfumo haujafungwa, na inakwama kila siku kwa upande wake tu. Pima kwa kupandisha, usipime kwa kudaunlodi peke yake, kwa sababu mzigo unaoshuka unatumwa na nodi mama ambayo wote wanaisikia, migongano mingi ipo kwenye vinavyopanda, ingawa hata ukidaunlodi simu inarudisha vijibu juu navyo vinagongwa.

Dawa yake ilishatengenezwa na ipo ndani ya waifai yenyewe, inaitwa RTS na CTS, yaani kuomba ruhusa ya kutuma na kupewa ruhusa. Inafanya kazi kama Bungeni hapa hapa kwetu, mbunge anaomba nafasi, Spika anamtaja jina, na hata aliyekaa kona ambayo haimuoni yule mbunge anamsikia Spika na anatulia mpaka amalize. Nodi mama ndo anakuwa Spika. Tatizo kwenye ruta nyingi kizingiti chake, yaani ukubwa ambao pakiti (kipande cha data) ikiufikia ndo inaomba ruhusa, kimewekwa baiti 2347, na karibu hakuna pakiti inayofika hapo, na kwenye apu ya kifurushi hiki hamna hata sehemu ya kubadilisha. Kwa kifaa kinachouzwa kwa ajili ya nyumba kubwa naona hilo ni pungufu kubwa sana, na alama nyingi nimekata hapo.

Utaambiwa badilisha chaneli. Kuhama kwenye 1, 6 au 11 kunakusaidia na jirani, na kweli kwenye 2.4 usikae 3 au 8 maana unawavuruga watu wa pande zote mbili. Ila nodi za kifurushi hiki zinaongea kwenye chaneli moja zote, ukihamisha zinahama pamoja na ugomvi wao. Na utaambiwa ongeza nodi ya nne, usiongeze! Ni mtumaji mwingine kwenye hewa ileile, na ukiiunga nyuma ya ile ya nyuma kila data inatumwa mara mbili na redio moja, spidi inakatwa kama nusu kabla hata mgongano haujaanza.

Kilichosaidia kwanza ni kuitoa nodi ya nyuma kwenye chumba chenye mlango wa chuma na kuipeleka dirisha la koridoni upande ambao tenki halikingi, zikaanza kusikiana kidogo na nyuma wakapumua. Kilichomaliza kazi ni waya. Hivi vidude vina tundu la LAN la kuchomeka waya wa mtandao, nimevuta kebo ya mtandao ya Cat6 kutoka nodi mama mpaka nyuma, mita 100 ndo mwisho wa kebo moja na kiwanja hakifiki huko. Pitisha kwenye bomba la plastiki la waya wa umeme, jua la Dodoma linapasua ganda la kebo ya ndani haraka. Sasa data za nyuma hazipiti hewani kwenda kwa mama, na ile pima ya wawili kwa pamoja inagawana vizuri. Simu za wapangaji bado zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe, maana simu ya chumba cha kwanza na ya chumba cha mwisho nazo zinaweza zisisikiane, ila huo ni mzigo mdogo.

Kwa hiyo alama zangu, bila waya kwenye kiwanja kirefu 2 kati ya 5, ukivuta waya 4. Kama huwezi kuvuta waya ongeza pesa uchukue ya redio tatu, ambayo moja ni ya nodi kuongea zenyewe tu, itapunguza msongamano na simu, ila hata hizo zipange mahali zinaposikiana kwa sababu ile redio ya tatu nayo ni chaneli moja. Na kama nyumba yako ni fupi kama nyingi za mitaa ya Kisasa au Ilazo, tafuta duka litakalokuuzia vidude viwili, cha tatu huna kazi nacho.