Kamusi ya simu na kitenzi «piku»

Kila ninapoweka kamusi mpya kwenye simu huanza kuipima kwa kitenzi «piku», kwa kuwa ni neno linaloandikwa kila mara katika habari za michezo na za uchaguzi, na bado kamusi nyingi hulipitia juu juu. Hii ninayoitathmini, ambayo nimeitumia kwa miezi miwili katika kazi ya uhariri, imelifafanua kwa maneno mawili tu: «shinda, zidi». Si uongo, ila aliyekuja kuuliza ataondoka na swali lake.

Piku ni neno la wacheza karata. Mwenzako ametupa ree ya kopa, tena kwa kishindo, akiamini kwamba mkono huo ni wake; wewe huna kopa hata moja, na turufu ni shupaza, basi unaweka tatu ya shupaza, karata ambayo isingetisha mtu yeyote kama si turufu, na ree yake inakwenda na maji. Hapo umempiku. Mpinzani hakukosea wala hakudanganywa; alicheza vizuri, nawe ukaweka kilicho kizito zaidi. Ndiyo maana piku hutofautiana na laghai au hadaa, ambayo huhitaji uongo, na pia na «kumpiga chenga» mtu, ambako unamkwepa bila kushindana naye uso kwa uso. Jirani yake wa karibu ni «kumzidi kete», usemi ambao nao umetoka mchezoni. Kamusi hii haina usemi huo kabisa, na hilo kwangu ni pengo kubwa kuliko ufupi wa fasili.

Mfano wake wa pekee ni «Juma alimpiku Ali», sentensi ambayo ungeweza kuingiza humo piga, penda au pita bila msomaji kugundua lolote. Mfano kama «Mgombea huyo alimpiku mpinzani wake kwa hoja ya kodi» ungetosha kuonyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na cha kuweka mezani.

Utafutaji ni wa kasi na hauhitaji intaneti, jambo ninalolisifu bila kusita. Tatizo ni viambishi: nilipoandika «amempiku» sikupata kitu, na nilipopunguza hadi «mpiku» nikapendekezewa «mpishi». Kuhusu kauli ya kutendwa kamusi imenyamaza, ingawa hapo ndipo mwandishi hukwama, kwa maana ukiandika «alipikwa» umeshampeleka msomaji jikoni. Mimi huigeuza sentensi nzima ili aliyeshinda awe mtenda.

Nitaiacha ibaki kwenye simu kwa ajili ya tahajia na ngeli, ambako haijaniangusha. Vitenzi vya mchezoni naendelea kuvitafuta katika kamusi ya karatasi iliyo mezani.