Gemu zipi ununue kama muda wako ni wa kuhesabu

Mwanangu huwa analala inapokaribia saa tatu na nusu usiku. Vyombo vikishaoshwa na nguo za kesho zikishapigwa pasi, nabaki na kama dakika hamsini kabla macho hayajaanza kujifunga. Hizo dakika hamsini ndizo zangu. Mwaka juzi nilizipeleka kwenye gemu moja ya mapigano niliyoinunua kwa hela nyingi. Jina lake naliacha. Gemu ile ilikuwa hairuhusu kusevu mpaka ufike mahali ilipopanga yenyewe. Usiku mmoja nikapambana na jitu moja kwa dakika arobaini, nikaliangusha. Ikaanza filamu ndefu ambayo huwezi kuiruka, na kabla haijaisha umeme ukakatika. Nilikaa gizani nimeumia kweli. Kesho yake nilipowasha, jitu lilikuwa limesimama palepale, halina hata jeraha.

Tangu siku ile, kabla sijanunua gemu najiuliza swali moja: nikitaka kuondoka sasa hivi, itaniruhusu? Gemu inayokuruhusu imetengenezwa na watu wanaojua kwamba una mtoto, una kazi, una jirani anayebisha hodi. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho. Bei nimeziandika kwa dola, kama zinavyokaa kwenye maduka ya mtandaoni. Zinapanda na kushuka, na wakati wa ofa zinashuka sana, kwa hiyo usiwe na haraka.

1. Balatro (simu dola 10, kompyuta dola 15)

Kama utanunua moja tu, nunua hii, na inunue ya simu.

Ni gemu ya karata. Unashika karata nane, unachagua kati yake mkono kama wa poka: jozi, tatu zinazofanana, tano za kopa tupu. Kila mkono una pointi zake, na lazima ufikishe kiwango ulichowekewa ndipo usonge mbele. Utamu wenyewe uko kwa majokeri. Wako 150, na kila mmoja ana kanuni yake. Yuko anayekuzidishia pointi kwa kila karata ya kisu unayocheza. Yuko anayeiga kazi ya jokeri aliyekaa kulia kwake, kwa hiyo ukibadilisha tu mpangilio wao, mkono uliokuwa wa kawaida unageuka kitu kingine kabisa. Mara ya kwanza nilipoona jozi ya kawaida inapanda mpaka maelfu nilimwamsha mume wangu nimwonyeshe.

Mchezo mmoja kamili una hatua nane, na kila hatua ina vizingiti vitatu. Ukiwa umezoea, unachukua kati ya nusu saa na saa nzima. Lakini huhitaji kuumaliza kwa kikao kimoja. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki nimebakiza mikono miwili, namba yangu ikaitwa, nikaizima simu na kuingia. Jioni nilipofungua, karata zangu nane zilikuwa vilevile, hata ile ya shupaza niliyokuwa naifikiria kuitupa. Hakuna matangazo, hakuna sarafu za kununua, na bando likiisha unaendelea kucheza.

Najua wazazi wengi wakiona karata wanaona kamari, kwa hiyo niseme wazi: humo ndani hakuna dau la hela halisi, wala njia ya kuliweka. Shirika la Ulaya linalopanga umri wa gemu, PEGI, liliipa alama ya miaka 18 mwaka 2024 kwa sababu ya ile mikono ya poka, kisha Februari 2025 likaishusha mpaka 12. Wakati huohuo gemu ya mpira inayouza pakiti za bahati nasibu kwa hela halisi ilikuwa na alama ya miaka 3. Aliyeitengeneza Balatro, Mkanada anayejiita LocalThunk, alilalamikia jambo hilo hadharani, na mimi nipo upande wake.

2. Stardew Valley (simu dola 5, kompyuta dola 15)

Mtu mmoja, Eric Barone, aliichora, akaiandika na kuitungia muziki peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akaitoa Februari 2016. Unarithi shamba la babu lililojaa magugu na mawe. Unalima, unavua samaki, unafuga kuku, unafahamiana na watu wa kijiji. Siku moja ya humo ni kama dakika 14 za saa yako, na kila msimu una siku 28.

Sababu ya kuiweka juu hivi ni saa yake. Ukizima, saa inasimama. Wanaokumbuka FarmVille, ile iliyowahi kuteka Facebook kuanzia 2009, watakumbuka mazao yaliyonyauka kwa sababu hukurudi kuvuna kwa wakati. Watu walikuwa wanaweka kengele ya alfajiri kwa ajili ya mazao ambayo hayapo. Hapa unaweza kukaa miezi mitatu hujagusa shamba, na ukirudi ni asubuhi ileile, kuku wako bado wana shibe ya jana.

Angalia kitu kimoja kabla hujalipa. Ya kompyuta inasevu pale tu mhusika wako anapolala usiku, kwa hiyo umeme ukikatika mchana wa shambani unapoteza siku hiyo. Ya simu inakuruhusu kutoka wakati wowote na kuendelea ulipoachia. Kwa dola 5 sijaona biashara bora zaidi kwa mtu anayependa vitu vya taratibu, na maongezo yote makubwa tangu 2016 yametoka bila malipo.

3. Vampire Survivors (simu bure, kompyuta dola 5)

Kwa mwenye laptopu ya zamani inayopiga kelele kama mashine ya kusaga. Unamtembeza mhusika tu, silaha zinapiga zenyewe, na maadui wanakuja kwa mamia. Kwenye ramani nyingi saa ni dakika 30: zikifika, kifo kinakuja kukuchukua na mchezo umekwisha. Unajua kabla ya kuanza utamaliza lini, na hilo kwangu ni heshima. Ya simu ni bure, na tangazo unaliona pale tu ulipokubali mwenyewe kulitazama, kwa mfano ili upate nafasi ya kufufuka. Mwaka 2023 ilichukua tuzo ya gemu bora ya BAFTA kule Uingereza, mbele ya gemu zilizogharimu mamilioni.

4. Hadithi fupi: A Short Hike (dola 8) na Portal 2 (dola 10)

Hapa ndipo naombwa ushauri halafu nabishiwa. "Dola nane kwa masaa mawili?" Ndiyo. Katika A Short Hike wewe ni ndege mdogo uliyepelekwa likizo kwa shangazi, unasubiri simu muhimu, na mtandao unapatikana juu ya kilele cha mlima tu. Basi unapanda. Njiani unakutana na watu, unawasaidia au unawapita, unaruka kutoka kwenye jabali na kuelea juu ya maji. Jioni mbili, imekwisha, na umefika mwisho wa kitu. Nina gemu za masaa sitini ambazo sijawahi kuuona mwisho wake, na hela zangu ziko humo.

Portal 2 ni ya 2011, ya mafumbo, kama masaa manane hivi. Haina chumba kimoja cha kujazia tu: kila kimoja kinakufundisha jambo ambalo chumba kinachofuata kitalihitaji. Inakwenda hata kwenye kompyuta dhaifu. Ukiinunua Steam kumbuka kwamba duka hilo linarudisha hela kama umecheza chini ya masaa mawili na hazijapita siku 14 tangu ulipe. Haki hiyo itumie. Mimi nikinunua gemu nisiyoifahamu, dakika kumi za kwanza nazitumia kutafuta inasevu vipi na kama filamu zake zinarukika, ndipo naanza kucheza.

5. Red Dead Redemption 2

Wengi wangeiweka kwenye za kupoteza muda. Mimi nakataa, ingawa siwezi kuipandisha zaidi ya hapa. Hadithi kuu peke yake ni kama masaa 50. Kwa mtu wa saa moja kwa usiku, usiku nne kwa wiki, hiyo ni miezi mitatu. Ukiua mnyama unasimama unamtazama Arthur, mhusika unayemchezesha, akimchuna ngozi taratibu. Ukisafiri, unapanda farasi na safari ni safari kweli. Huo polepole ni wa makusudi, na hakuna mtu anayekuuzia dawa yake. Urefu peke yake sio dharau.

Ila uwe tayari. Kwenye PS4 inakuja na CD mbili, na kwenye kompyuta inadai nafasi ya GB 150. Ukiinunua ya kupakua, piga kwanza hesabu ya bando, maana bando linaweza kuzidi bei ya gemu. CD iliyotumika ndiyo njia ya busara.

Za kuachana nazo

Ukifungua duka la gemu ukakuta linauza kasi, rudi nyuma. Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ilikuwa ya bei kamili, halafu pembeni ikauza kwa dola 10 nyongeza ya kudumu ya kupanda viwango kwa asilimia 50 haraka zaidi. Fikiria maana yake. Mtu uliyemlipa anakuuzia njia ya kucheza kidogo kile ulichokinunua, na wa kuamua kasi ya kawaida iwe ipi ni yeye huyohuyo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2017, Star Wars Battlefront II ilikuwa inakaribia kutoka, na wachezaji wakakuta kwamba ili kumpata mhusika maarufu Darth Vader lazima ukusanye pointi 60,000 kwa kucheza. Wakapiga kelele dunia nzima. EA, kampuni inayoiuza, ikashusha mpaka 15,000, na kabla tu ya gemu kutoka rasmi ikazima mauzo ya ndani ya gemu. Hakuna kilichoharibika humo baada ya kushushwa. Zile 45,000 zilizoondolewa zilikuwa jioni za watu.

Za simu zenye uhai wa kuhesabu ziko kundi hilihili. Candy Crush inakupa nafasi tano, ukizimaliza kila moja inarudi baada ya nusu saa, au unalipa. Hapo kinachouzwa ni kutosubiri, na kusubiri kwenyewe kumewekwa na muuzaji.

Halafu kuna muda unaopotea kwa uzembe tu. GTA Online kwa miaka ilikuwa inachukua dakika kadhaa kufunguka kwenye kompyuta, watu wakadhani ni mashine zao. Mwaka 2021 mpenzi mmoja wa gemu aliyekuwa akisubiri dakika sita akaamua kuchunguza. Akakuta programu inasoma faili la vitu vya duka, kama 63,000 hivi, kwa njia mbovu kiasi kwamba kila kitu kimoja kikisomwa inarudi kuhesabu faili zima upya. Akatengeneza dawa iliyopunguza muda ule kwa asilimia 70 hivi. Rockstar, wenye gemu hiyo, wakathibitisha kosa, wakamlipa dola 10,000, na Machi mwaka huo wakatoa apdeti. Wamestahili shukrani kwa kusikiliza. Lakini miaka yote ile watu walikuwa wanakaa mbele ya skrini wakisubiri orodha ya bidhaa za kuwauzia.

Na mpira je?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, maana nyumba nyingi PS4 inanunuliwa kwa ajili ya mpira. Jibu langu: EA Sports FC ni gemu mbili ndani ya CD moja. Ya kwanza ni ile ya kukaa kwenye mkeka na shemeji yako, mnachagua timu, kipindi dakika sita, aliyefungwa anampisha anayesubiri. Hiyo ingekuwa namba tatu kwenye orodha hii. Ya pili ni Ultimate Team, ambapo unakusanya wachezaji kwa pakiti za bahati nasibu, na ikitoka gemu ya mwaka unaofuata unaanza na kikosi kipya, wale uliowahangaikia mwaka mzima wanabaki kwenye gemu ya zamani. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba visanduku vya namna hii vya kulipia ni kamari chini ya sheria zake, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti. Hiyo ya pili naiweka mwisho kabisa, chini ya zote.

Kwa hiyo usilipe bei ya gemu mpya. Tafuta CD iliyotumika ya msimu mmoja au miwili nyuma. Mkiwa wawili mkekani mpira ni uleule. Igeuze uangalie mikwaruzo chini ya taa, na kabla hujatoa hela mwombe muuzaji aiwashe mbele yako akiwa amezima intaneti, ucheze hata kipindi kimoja.