Procmail au Sieve: ipi haitapoteza barua pepe zako?
Zote mbili huchuja na kupanga barua pepe zinazoingia, kwa kanuni unazoandika. Kwa seva ya Linux, chagua Sieve. Kanuni ikikwama njiani, au barua isipolingana na sharti lolote, huwekwa kwenye kikasha kikuu. Ndivyo RFC 5228, hati ya kiwango cha Sieve ya mwaka 2008, inavyoagiza. Ogopa amri ya discard, inayofuta kimya kimya: peleka taka kwenye folda yake kwa amri ya fileinto, kisha jaribu kanuni kwa programu ya sieve-test.

Procmail huendesha programu yoyote ya nje, ila usalama unaujenga mwenyewe. Ukiandika :0, mwanzo wa kila kanuni, bila nukta pacha ya pili (:0:), faili la mbox, linalobeba barua nyingi pamoja, halifungwi, na barua mbili zikifika pamoja zaweza kuchanganyikana. Kichujio chenye alama f (chuja) bila w (subiri na kagua) hakikaguliwi kama kimefaulu. Ukibaki nayo, anza na :0 c inayoweka nakala kwenye nakala/. Mkwaju wa mwisho ndio unaoifanya Maildir, folda ambamo kila barua ni faili lake.