Waja leo, waondoka leo: Gran Turismo 7 na apdeti zake, uzoefu wangu Tanga

Mimi nina banda la gemu Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Nina PS4 tatu na PS5 moja niliyoipata mwaka 2023, ya mkononi mwa mtu. Wateja wengi wanakuja kwa ajili ya mpira: wanalipa mia tano, wanafungana, wanataniana, wanaondoka. Hao tuwaache. Leo naandika kuhusu wale wachache wa kona ya PS5, wanaocheza Gran Turismo 7, mchezo wa mbio za magari, kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Mgosi, ninunue?" na jibu nililompa wa mwezi jana silo ninalompa wa mwezi huu.

Kosa si langu, mchezo wenyewe hautulii. Ulitoka tarehe 4 Machi 2022 kwa PS4 na PS5, na tangu hapo Polyphony Digital ya Japani, chini ya Kazunori Yamauchi, wamekuwa wakiuongezea vitu karibu kila mwezi: magari matatu, mara sita, mara saba, na mojamoja barabara mpya. Siku chache kabla ya apdeti Yamauchi huweka mtandaoni picha yenye vivuli tu vya magari yanayokuja. Basi hapo bandani hakukaliki. Vijana wananyang'anyana simu, huyu anaapa ile ni Skyline, yule anabisha. Kuna fundi mmoja wa gereji ya Mabawa, yeye hutazama mstari wa paa tu, akanywa kahawa yake, akataja jina na mwaka. Mara nyingi hupatia. Kwangu mimi siku mbili hizo za ubishi ni tamu kuliko apdeti yenyewe.

Kilichonivuta kwenye mchezo huu ni mwanzo wake. Ukianza hupewi Ferrari. Unapelekwa yadi ya magari yaliyotumika, unaambiwa chagua moja kati ya matatu: Toyota Aqua, Mazda Demio au Honda Fit. Siku ya kwanza banda zima liliangua kicheko. Mtoto wa jirani akauliza kama tumewekewa gemu la teksi. Lakini kicheko kilipoisha nikaona kila mtu anataka zamu, maana hizo ndizo gari anazozijua. Usukani uko kulia kama zetu, na Demio ukiikaba kona inalalamika vilevile inavyolalamika ya kwao mtu.

Yaliyotokea Machi 2022 mimi sikuyaonja, mchezo nilikuwa bado sijaununua. Lakini lazima niyaseme, kwa sababu ndiyo yaliyowafunza wachezaji kuiogopa apdeti. Wiki mbili tu baada ya mchezo kutoka likaja toleo 1.07. Seva zikafungwa kwa matengenezo yaliyopita saa 30, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo huu inataka intaneti hata ukicheza peke yako, watu dunia nzima wakabaki wanatazama skrini. Zilipofunguka wakakuta zawadi za baadhi ya mbio zimepunguzwa. Yaani umeshajua mwamba wenye samaki, unarudi asubuhi na mshipi wako, unakuta mtu kaja usiku kawahamisha. Na wakati huohuo McLaren F1 ya mwaka 1994 ilikuwa inauzwa krediti 18,500,000, yaani fedha za ndani ya mchezo. Krediti 2,000,000 kwa fedha halisi zilikuwa dola 19.99 huko Marekani. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya dola 180 kwa gari ambalo hata harusini huwezi kulipeleka.

Yamauchi akaeleza kwamba anataka magari yawe na thamani na uadimu wake. Hakueleweka. Alama za wachezaji kule Metacritic, tovuti inayokusanya maoni kuhusu michezo, zikaporomoka mpaka chini ya 2 kwa 10. Mwisho wa mwezi akaomba radhi, wachezaji wakapewa krediti 1,000,000, na Aprili zawadi za mbio nyingi zikapandishwa. Kiasi cha krediti za bure ambacho mtu anaruhusiwa kuweka kikatoka 20,000,000 mpaka 100,000,000. Vijana wangu wanaodhani kulalamika ni kazi ya wasio na kazi huwa nawakumbusha hilo. Huu utamu wanaoufaidi sasa uliletwa na watu waliogoma kunyamaza.

Sasa hizi apdeti za bure. Ni bure kweli, hakuna anayekudai. Ila kwa mtu wa Tanga bure hiyo ina mizani yake, na mizani yenyewe ni GB. Apdeti kubwa hutoka mara nyingi siku ya Alhamisi, kama saa 3 asubuhi kwa saa za kwetu, na mchezo ukitaka toleo jipya ni mpaka ulipakue ndipo urudi mtandaoni. Faiba sina, natumia rauta ya laini ya simu, na bando la mchana ukilipakulia gemu utafunga duka. Kwa hiyo nasubiri usiku. Nafunga mlango, natandika mkeka chini ya mashine, nawasha kupakua, nalala hapohapo na mbu wangu. Usiku mmoja niliamka alfajiri kwa adhana nikakuta kimya na giza. Umeme haukukatika, mita ya LUKU ndiyo iliyoishiwa uniti, na ile nakala ilikuwa imebakiza kidogo tu. Sina wa kumlaumu, token nilikuwa nayo kwenye simu toka jioni, nikajisemea nitaiingiza baadaye.

Ila bando langu bovu limewahi kunifaa. Julai 2024 lilikuja toleo 1.49, lililoleta njia mpya iitwayo Eiger Nordwand na mabadiliko ya namna magari yanavyotua na kushika barabara. Kumbe lilikuwa na kasoro: baadhi ya magari yakaanza kudunda kama mpira wa kitenesi na mengine kurushwa angani. Mtandaoni kulijaa video, watu wanacheka hadi machozi, wengine wamenuna kweli. Sisi wa Ngamiani tuliyaona kwenye simu tu. Nilipokuja kupata usiku mzuri wa kupakua, marekebisho yalikuwa yameshatoka, na gari zetu zikakaa chini kwa adabu. Vijana walinilaumu wiki nzima! Walitaka waruke na wao.

Apdeti niliyoifaidi kuliko zote ni Spec II, ya tarehe 2 Novemba 2023. Ilileta magari saba, leseni mpya ya Master, na barabara ya theluji ya Lake Louise, Kanada. Kwa mwenye banda, kubwa zaidi lilikuwa hili: kwenye PS5 watu wanne wakaweza kushindana kwenye skrini moja. Wanne mara mia tano, haihitaji kalkuleta. Nikasahau kwamba nina pedi mbili, na pedi za PS4 hazichezi michezo ya PS5. Nilichomoa fedha ya kodi ya chumba nikanunua mbili nyingine, zilizotumika, moja kitufe chake cha breki lazima ukibonyeze kwa nia. Na runinga yangu ya inchi 43 ikigawanywa mara nne kila mtu anabaki na kidirisha kama cha simu kubwa. Wazee wanasogeza viti mpaka pua zinagusa kioo.

Lakini ile theluji, jamani. Hapa hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Wale vijana wangu wakali wa lami, wanaojua kila kona ya Nürburgring, iliyo ndefu zaidi ya kilomita 20, walikuwa wanateleza mpaka ukutani mmoja baada ya mwingine. Akaingia dereva mmoja wa makamo, anapandisha abiria kutoka Muheza kwenda Amani, alikuja kuchaji simu tu. Akatazama kidogo, akasema, "Nipeni nami." Pedi hakuijua, tukamwonyesha vitufe. Mzunguko wa kwanza akagonga. Wa pili akatulia. Wa tatu akawapita wote, mwendo wake wa pole, gari limeelekezwa upande huu na linakwenda upande ule. Tulipomuuliza akajibu, "Hii si ndiyo Amani ya masika? Kwenye utelezi usiombe breki, breki itakuuza. Omba gia." Tangu siku hiyo anaitwa Kanada, na sidhani kama jina hilo litamtoka.

Kwa hiyo nikisoma mtandaoni wachezaji wa nje wakinung'unika, "mwezi huu tumeletewa gari za sokoni, ziko wapi za mashindano?" mimi nacheka peke yangu. Hizo gari za sokoni ndizo zinazojaza kona yangu. Toyota Alphard imo, ililetwa Machi 2023. Ni ile ya 2018, Executive Lounge, na wajuzi wangu hawakukawia kusema hiyo siyo ya kwetu, ya kwetu ni ya zamani yenye mapazia, inayobeba bibi harusi. Bado waliipanga foleni. Kuiona Alphard inapinda kona ya mashindano, mwili wote umelala kama jahazi lililopigwa na kusi, kunatosha kumlipisha mtu mara mbili.

Halafu ikaja Kirikuu.

Kwenye mchezo imeandikwa Suzuki Carry KC ya mwaka 2012. Kijana wa kwanza aliyeiona alipiga ukelele uliomtoa mama muuza mihogo ng'ambo ya barabara. Kirikuu! Gari inayobeba kabati, mbuzi, mchanga, na spika za mkutano, imo kwenye mchezo mmoja na Bugatti. Nilimpigia simu mteja wangu anayeshusha samaki kutoka soko la Deep Sea kwa Kirikuu yake mwenyewe, akaja na harufu ya kazi. Akaizunguka gari kwenye skrini kama anayetaka kuinunua, akaikagua bodi ya nyuma, akaridhika. Akaendesha. Baada ya mizunguko miwili akaweka pedi chini, kakunja uso.

"Nyepesi," akasema. "Mzigo uko wapi?"

Nikamweleza kwamba mchezo hauna mzigo. Akanitazama kama niliyemuuzia samaki wa jana. "Basi hawaijui hii gari. Kirikuu tupu inaruka ruka. Ukiipa mzigo ndiyo inakuwa na akili." Na ni kweli, nimeshapanda zote mbili.

Yadi ya mchezo ndiyo inayonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Bidhaa zake zinabadilika kila siku: gari unaliona leo, kesho limeandikwa limekwisha. Upande wa magari ya kifahari ya zamani bei inafuata makadirio ya Hagerty, kampuni inayothamini magari ya aina hiyo duniani, kwa hiyo inaweza kupanda ukiwa bado unahesabu krediti zako. Mji wetu tunautania "waja leo waondoka leo", na sijaona maneno yanayoifaa yadi ile kuliko hayo. Mpwa wangu alitumia majuma mawili kutafuta krediti za gari moja, jioni aliyotimiza likawa limeondoka. Hakula.

Yasiyonipendeza ni mawili. Apdeti nyingi zinaleta magari kuliko mahali pa kuyaendesha: unapata magari matano na mbio mpya chache, unazimaliza jioni moja, halafu unarudia za zamani. Tiketi za bahati nasibu za ndani ya mchezo sizihesabu, maana mshale wake unajua njia ya fedha ndogo kama punda ajuavyo kwao. La pili ni la moyoni zaidi. Ramani ya viwanja vyake imegawanywa Ulaya, Amerika, na Asia pamoja na Oceania. Afrika hatumo. Aqua, Demio, Fit na Alphard zikichoka Japani zinashushwa kwenye bandari zetu, sisi ndio tunaozimalizia maisha, lakini hata kipande cha lami yetu hakimo. Simwombi mtu uwanja wetu wa Mkwakwani. Kipande cha pwani tu, chenye minazi.

Basi unaponiuliza ununue, nakuuliza kwanza una intaneti gani. Kama ni ya kuungaunga, ya kuomba hotspot kwa dada, nunua mchezo mwingine; bila mtandao huu unakuachia mbio chache tu za kujipotezea muda. Ukiwa na PS4 unaingia, ila ya watu wanne utaisikia kwa wenzako. Ukiwa na PS5, bando la usiku na subira ya kungoja siku chache baada ya kila apdeti ili wenye haraka wazigundue kasoro kwanza, chukua. Mimi leo naupa nyota nne. Wa Machi 2022, kwa niliyoyasoma, ningeupa mbili na jicho baya.

Alhamisi iliyopita nilifungua banda asubuhi nikamkuta yule wa samaki amekaa kwenye ngazi, kreti ziko tupu nyuma ya gari. Hakunisalimu.

"Bajaji wameleta?"