Simu yangu ilifutwa nikiwa nashona: uzoefu wangu na huduma ya kufuta simu kwa mbali

Mimi ni fundi cherehani, Mwanza. Vipimo vya wateja wangu vilikuwa kwenye simu ya Android niliyonunua Makoroboi. Siku ile kijana wa dukani aliniuliza kama nina Gmail. Nikasema sina. "Usijali dada, nakuwekea." Akabonyezabonyeza, nikalipa, nikaondoka.

Miezi saba baadaye, simu iko mezani pembeni ya mkasi, ikajizima. Ilipowaka ikaniuliza nataka lugha gani, kama siku ya kwanza. Kisha ikadai nenosiri la akaunti iliyokuwamo. Ningelijulia wapi?

Nikarudi dukani. Kumbe kijana alituwekea wateja kadhaa akaunti moja, ya kwake. Mama mmoja aliibiwa simu stendi, akaja kuomba msaada. Kijana akaingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu, akakuta orodha ya simu zinazofanana, akagusa yangu na kuifuta. Aliniomba radhi sana, akaifungua palepale. Lakini kwa akaunti hiyohiyo alikuwa na uwezo wa kuona kwenye ramani ninapolala. Hilo lilinitisha kuliko vipimo vilivyopotea.

Pesa za M-Pesa hazikuguswa, maana ziko kwenye laini. Picha za mishono nazo zilikuwa kwenye memori kadi, zikasalimika. Vipimo vyote vilikwenda. Nilipima upya wateja waliokuwa wameshalipa nusu, wengine wakinuna.

Huduma yenyewe siichukii. Simu ikiibiwa unaweza kuifunga na kuweka ujumbe na namba kwenye kioo, huku bado unaitafuta kwenye ramani. Ningemshauri kila mtu aanze na kufunga. Kufuta hakuna kurudi nyuma, na ukishafuta simu haionekani tena. Hata isipokuwa na bando, amri inaisubiri hadi siku itakaposhika mtandao.

Wala si sisi wa Makoroboi tu. Mwaka 2012 mwandishi wa teknolojia wa Marekani, Mat Honan, alifutiwa iPhone, iPad na MacBook yake, na picha za mtoto wake zikiwamo. Wavamizi walimpigia simu mhudumu wa Apple wakijifanya ni yeye, wakapewa njia ya kuingia kwenye akaunti yake.

Sasa nina akaunti yangu, nenosiri najua mimi, namba ya kurejesha akaunti ni yangu. Nimewasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri akaunti inadai pia uthibitishe kwa ujumbe unaotumwa kwenye simu. Hapo kuna mtego: simu ikiibiwa, ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwa mwizi. Kwa hiyo nimechukua zile namba 10 za siri za akiba ambazo Google inatoa za kuingilia kwenye akaunti bila ujumbe huo, nikaziandika kwenye karatasi, iko nyumbani kabatini. Vipimo navyo naandika kwenye daftari kwanza.

Kama simu yako uliwekewa akaunti na muuzaji, fungua mipangilio leo uangalie ni barua pepe ya nani. Dada yangu aliangalia ya kwake juzi. Ilikuwa ya shemeji waliyeachana naye mwaka jana.